Fizi zikitoka damu, usiache kusugua

*«Assalaam alaykum daktari. Twakaa Siyu, nyumba moja na mavyaa wangu. Yeye ana sukari, na meno yake ya mbele ya chini yanacheza. Akiubonyeza ufizi hutoka usaha. Aliambiwa akasafishwe meno hospitali, hataki. Asema kuna jirani alisafishwa, meno yakalegea yakang'oka. Tena hula tambuu. Mimi nina mimba ya miezi mitano, kila nikipiga mswaki natema damu, basi pale panapotoka damu nimepaacha. Mwanangu wa miaka minne, meno yake ya juu ya mbele yamefanya rangi ya kahawia na moja limemeguka, ila haliumi. Watu wasema ni meno ya utoto, yatang'oka yenyewe. Apenda mabuyu, na hulala na chupa ya maziwa ya sukari. Mume wangu atumia mswaki wa mti peke yake. Asema dawa ya meno ina floraidi, na floraidi ndiyo iliyowaharibu meno watu wa bara. Nauli ya kwenda Amu (Lamu mjini) mwezi huu tunayo ya safari moja tu. Nimpeleke nani kwanza, na nyumbani tufanye nini?»*

Wa alaykum salaam, dada yangu. Nianze na la nauli, kwa kuwa ndilo lenye haraka. Wa kutangulia ni mavyaa wako. Sukari na usaha wa fizi ni maradhi mawili yanayochocheana, na kila mwezi unaopita huliwa mfupa unaoyashika meno, nao haurudi tena. Lakini usimtume peke yake. Nenda naye, mtoto umpakate, daktari awaangalie nyote watatu siku hiyo hiyo hata kama atakayetibiwa ni mmoja. Kuangaliwa kinywa ni dakika chache, na mtarudi Siyu mkijua lipi linasubiri na lipi halisubiri. Kitu kimoja tu kingenifanya nibadilishe zamu: mtoto akianza kuamka usiku kwa maumivu, au ukimwona kijipu kwenye ufizi juu ya lile jino lililomeguka. Hapo yeye ndiye wa kwanza.

Sasa damu. Kuacha kusugua panapotoka damu ndiko wanakofanya watu wengi, na naelewa kwa nini: mtu akiona damu hudhani amejikata. Kumbe mambo ni kinyume. Juu ya jino, hasa pale linapokutana na ufizi, hujijenga utando laini wa bakteria, mweupe au wa manjano hafifu, ambao ukikwangua kwa ukucha utauona. Huanza kurudi saa chache tu baada ya kusafisha, kwa kila binadamu, tajiri na maskini. Ukikaa siku kadhaa bila kuondolewa, sumu zake huuchokoza ufizi. Mwili nao hupeleka damu kwa wingi pale ili kupigana, ufizi huvimba na kuiva rangi, na ngozi yake ya ndani, ile inayoligusa jino, huwa nyembamba hata ikawa inavuja kwa kuguswa tu. Mswaki haukukujeruhi, umekuonyesha kidonda kilichokuwapo. Na ukipaacha, utando unaongezeka, uvimbe unaongezeka, na kesho damu inakuwa nyingi kuliko leo.

Kwa hiyo rudi pale pale panapotoka damu, kwa upole lakini bila kupaogopa. Siku tatu nne za mwanzo utatema damu vilevile, pengine hata zaidi. Kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi mbili huanza kukatika. Isipokatika, maana yake kuna ukoga, yaani utando ulioganda ukawa mgumu, uliojificha chini ya ufizi, na huo mswaki hauufikii.

Namna ya kusugua ina uzito kuliko nguvu. Tafuta mswaki wa dukani wenye nywele laini na kichwa kidogo. Ulaze pembeni, nywele ziwe nusu juu ya jino na nusu juu ya ufizi, kisha utikise mwendo mfupi wa kupapasa, meno mawili mawili, ukihesabu hadi kumi kabla ya kusogea. Kupeleka huku na huku kwa nguvu kama unayesugua sufuria hula shingo ya jino na kuupandisha ufizi, na utando wa mpakani unabaki palepale. Anza na upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini, kwenye ulimi, kwa sababu ndiko watu wasikofika na ndiko mirija ya mate inakofungukia. Mate yana madini, na madini hayo huugandisha utando ukawa ukoga mgumu. Pitisha ulimi hapo sasa hivi: ukisikia pamekwaruza kama mawe, ndio huo. Kazi nzima kinywani isipungue dakika mbili, asubuhi na usiku. Wa usiku ndio usiokosekana kabisa, maana tukilala mate hupungua na kinywa hukosa mlinzi wake. Ramadhani nyakati zake ni kabla ya kulala na baada ya daku. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili dawa ibaki juu ya meno.

Katikati ya meno nywele za mswaki hazipiti. Huko ni kazi ya uzi wa meno, mara moja kwa siku, ukiukumbatisha jino na kuushusha kidogo chini ya ufizi. Kwa mavyaa wako, ambaye bila shaka ana mianya mipana, vile viburashi vidogo vya kupenya katikati ya meno vinafaa kuliko uzi. Kusukutua kwa maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, hutuliza ufizi uliovimba na sikukatazi. Ila chumvi haiubandui utando. Mkaa na majivu viache: hukwaruza ganda la jino, na ganda hilo likiisha halioti tena.

Mimba nayo ina mkono wake katika damu yako, lakini si kwa njia inayosemwa. Mtoto hanyonyi chokaa kutoka kwenye meno ya mamake, na ule usemi kwamba kila mimba hung'oa jino moja hauna msingi. Kinachotokea ni kwamba homoni za ujauzito huufanya ufizi kuwa mwepesi wa kuchokozeka, hata utando uleule mdogo uliokuwa ukiuvumilia zamani sasa unakuvimbisha. Ongeza hapo kichefuchefu na kutafuna vitu kila saa. Ukitapika, sukutua kwa maji matupu na usubiri kama nusu saa kabla ya mswaki, kwa sababu asidi ya tumbo hulainisha ganda kwa muda.

Miezi minne hadi sita ndiyo miepesi zaidi kwa kukaa kwenye kiti cha daktari, kwa hiyo uko wakati mzuri. Kusafishwa ukoga, kuzibwa jino, hata sindano ya ganzi, vyote vinafanyika kwa mjamzito. Cha kuogopa zaidi ni dawa za kujinunulia. Kwa maumivu tumia parasetamoli kwa kipimo chake. Ibuprofeni na diklofenaki usizinywe bila daktari, hasa kuanzia wiki ya 20. Tetrasaiklini usiiguse: huingia kwenye meno ya mtoto yanayoumbika tumboni na kuyatia rangi ya kudumu.

Nije kwa mavyaa wako, na hapa nataka umsomee polepole, kwa sababu hofu yake ina chanzo. Jirani yake hakusema uongo. Watu wengi wakitoka kusafishwa huhisi meno yana mianya, yanasisimka kwa maji baridi, na yale yaliyokuwa yanacheza huonekana kucheza zaidi. Lakini jino halikushikwa na ukoga. Limechimbiwa ndani ya mfupa kama nguzo ya mkoko iliyochimbiwa mchangani: maji yakila mchanga, nguzo hutikisika, na chaza waliogandamana juu yake si wao walioisimamisha. Ukoga ni hao chaza. Ukiuondoa unaona hali ya nguzo ilivyo kweli. Uvimbe ukinywea baada ya wiki chache, mianya iliyokuwa imejazwa na ufizi uliovimba huonekana, na mara nyingi meno yasiyolegea sana hushika tena kiasi, kwa sababu ufizi unakaza.

Daktari atapima kina cha mfuko kati ya jino na ufizi kwa kijiti chembamba chenye alama. Milimita 1 hadi 3 ni salama. Kuanzia 4 na kupanda ni mfuko wa ugonjwa, na humo ndimo usaha unamotoka. Jino linalocheza mbele na nyuma kidogo lina matumaini. Lile linalozama ukilibonyeza kwa kidole kama unalisukuma ndani, kwa kweli halitashika, na ni heri kuling'oa kwa ganzi kuliko kuliacha limwage usaha mdomoni mwa mtu mwenye sukari. Simfichi hilo. Huenda akapoteza moja au mawili ili abaki na mengine.

Sukari ikiwa juu, mwili hauwezi kupigana na bakteria sawasawa na kidonda huchelewa kupona. Ufizi ukiwa na usaha, nao huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Ndiyo maana tiba ya fizi husaidia, kidogo lakini kwa hakika, hata kwenye kipimo cha sukari, na vidonge vya sukari vinavyomezwa kwa wakati husaidia fizi. Siku ya safari ale kama kawaida na ameze dawa zake kama kawaida. Asikae na njaa eti kwa kuwa anakwenda kwa daktari wa meno: sukari ikimshuka kwenye boti au kitini ni hatari kubwa kuliko jino lenyewe. Mfungieni mkate, na kitu kitamu kidogo cha dharura.

Tambuu. Najua ni heshima ya baraza na ya harusi, na si rahisi kumwambia mtu mzima aiache. Lakini haki yake ni kuambiwa ukweli. Popoo, ile kokwa inayofungwa ndani ya tambuu, hata bila tumbaku, inasababisha saratani ya kinywa. Ikiongezwa tumbaku hatari hupanda. Chokaa huunguza ngozi ya shavu na kuzidisha ukoga, na wekundu wake huificha damu ya fizi, ndiyo maana huenda ugonjwa wake ulianza zamani bila mtu kuuona. Akishindwa kuacha kwa mara moja, aanze kwa kuondoa tumbaku, kisha popoo, na asilale nayo shavuni. Mfanyie jaribio hili nyumbani: afungue mdomo, aingize vidole vyake vitatu vikiwa vimesimama mmoja juu ya mwingine. Visipoingia, au ngozi ya shavu imekuwa ngumu na nyeupe, au pilipili imeanza kumchoma kuliko zamani, hizo ni dalili za kumwambia daktari kwa maneno, asingoje kuulizwa. Vivyo hivyo kidonda au doa jeupe au jekundu lililopita wiki mbili bila kupona, hata kama haliumi. Hasa kama haliumi.

Mtoto. Ni kweli meno ya utoto yatang'oka, lakini si yote mapema kama watu wanavyodhani. Ya mbele huanza kutoka karibu na miaka sita, magego hukaa hadi 10 au 12. Hayo ndiyo yanayomtafunia, na ndiyo yanayoyashikia nafasi meno ya ukubwani yasije yakaota yamepandana. Tena chini ya kila jino la utoto kuna jino lingine linaloumbika. Usaha ukishuka kwenye mzizi unaweza kuliharibu lile la chini kabla halijachungulia. Na akifika miaka sita, gego la kwanza la ukubwani litaota nyuma kabisa bila kung'oka kitu chochote mbele yake. Wazazi wengi hulidhani la utoto, wakaliacha lioze, na hilo halina mbadala.

Kahawia hiyo imeletwa na chupa ya usiku. Bakteria hula sukari na kutoa asidi, asidi hunyonya madini ya jino. Kila mara sukari inapoingia kinywani, mate huhitaji kama nusu saa au zaidi kuirudisha hali. Mtoto aliyelala na chupa mdomoni ana maziwa ya sukari yaliyotuama juu ya meno ya mbele usiku kucha, na mate hayaji. Ya chini hukingwa na ulimi, ndiyo maana yake yameoza ya juu. Usiikate chupa kwa ugomvi. Punguza sukari usiku baada ya usiku, kisha punguza maziwa kwa maji, hadi ibaki maji matupu. Baada ya hapo chupa hupoteza utamu na watoto wengi huiacha wenyewe.

Mabuyu nayo yana kisa chake, na nakaa hapo kidogo kwa sababu karibu kila mtoto wa pwani anayala. Ile mbegu haitafunwi ikaisha. Humungunywa, hutolewa, hurudishwa, ikiwa imevishwa sukari na rangi juu ya unga wa ubuyu ambao wenyewe una uchachu. Pakiti moja ya bei ndogo yaweza kumfikisha mtoto kutoka alasiri hadi magharibi, na muda wote huo asidi haijapumzika hata dakika. Kwa jino, kinachoumiza ni mara ngapi na muda gani kuliko kiasi. Kwa hiyo simwambii mama yeyote apige mabuyu marufuku. Mpe mara moja, baada ya chakula cha mchana, ale yaishe, anywe maji, basi. Barafu za sukari na soda zifuate sheria hiyohiyo. Na asizivunje zile mbegu kwa meno, hasa lile lililomeguka.

Mswaki wake umsugulie wewe hadi afike miaka saba au minane, maana mkono wa mtoto mdogo haujaweza. Kaa, mwegemeze kichwa kwenye kifua chako akiwa amekupa mgongo, inua mdomo wa juu kwa kidole kimoja, usugue. Dawa ya meno kiasi cha punje ya mbaazi. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, punje ya mchele. Kila mwezi inua mdomo umwangalie kwenye mwanga wa dirisha. Mstari mweupe kama chaki karibu na ufizi ni mwanzo wa uozo, na huo bado hurudi nyuma kwa mswaki na floraidi, yale madini ya kwenye dawa ya meno. Ukishakuwa tundu haurudi.

Kwa meno yaliyokwisha oza, daktari ana njia kadhaa. Kuna dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, hupakwa bila sindano wala mashine na husimamisha uozo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Kasoro yake ni kwamba sehemu iliyooza hugeuka nyeusi na haitoki. Kwa meno ya mbele hilo ni jambo la kuamua mapema nyumbani, lakini kwangu jeusi lisiloendelea kuoza ni bora kuliko kahawia linaloendelea. Njia nyingine ni kuondoa uozo laini kwa vyombo vya mkono na kuziba kwa saruji ya meno yenye floraidi, mbinu iliyoanzia kwa jirani zetu Tanzania katikati ya miaka ya 1980 kwa ajili ya mahali pasipo na umeme wa uhakika. Kung'oa kuwe kwa jino lenye usaha au lisilobaki kitu cha kuziba.

Kwa mume wako, mswaki wa mti ni kitu kizuri na sitaki auache. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilihimiza mwaka 1986 utumike pale ulipo desturi. Atumie ulio mbichi au auloweke, amenye kiasi cha sentimita moja, atafune hadi nyuzi ziwe laini, asugue kutoka kwenye ufizi kwenda kwenye ncha ya jino, na kila siku akate nyuzi za jana. Udhaifu wake ni upande wa ndani na magego ya nyuma, kwa sababu kijiti hakipindi. Basi mchana awe na wake wa mti, usiku wa dukani na dawa.

Kuhusu floraidi, ni kweli watu wengi wa Bonde la Ufa, kama Nakuru na Naivasha, wana meno ya kahawia kwa sababu yake. Lakini hiyo ni floraidi nyingi iliyomo kwenye maji, waliyoinywa kila siku utotoni meno yakiwa bado yanaumbika. Punje ya mbaazi inayotemwa haifanyi hivyo, na mtu mzima ambaye meno yake yamekwisha ota hawezi kupata madoa hayo tena. Asome nyuma ya boksi: atafute floraidi yenye nambari kati ya 1000 na 1500, iliyoandikwa pamoja na herufi ppm. Isiyo nayo ina povu na harufu nzuri, ila kinga ya uozo hakuna.

Kuna mambo yasiyongoja nauli ya mwezi ujao. Uvimbe unaoshuka chini ya taya au kupanda hadi jichoni, homa pamoja na maumivu ya jino, mdomo kushindwa kufunguka, kushindwa kumeza mate, au pumzi kubana: hapo ni hospitali kubwa mara moja, King Fahd mjini Lamu, hata kama ni kukodi boti. Amoksilini ya duka la dawa huupoza uvimbe kwa siku chache, ikaacha chanzo ndani ya jino kama kilivyo. Mafuta ya karafuu kwa mtu mzima yanaweza kukupitisha usiku mmoja, tone kwenye kipamba ndani ya tundu na si juu ya ufizi, na mtoto asipakwe.

Kabla ya kuondoka pigeni simu muulize siku ambazo kitengo cha meno kinafanya kazi, kwa kuwa boti hufuata maji na mkichelewa mtalala Amu. Beba daftari la kliniki yako, vidonge vyote vya mavyaa wako vikiwa kwenye pakiti zake, na namba ya kipimo chake cha mwisho cha sukari. Kama kuna kidonge cha kuzuia damu kuganda anachokitumia, likiwemo aspirini ndogo ya kila siku, mtajieni daktari kabla hajashika chombo chochote, wala asikiache kwa uamuzi wake mwenyewe.